Nimo Edani, na Dawa ya Salwa Imesimamishwa

Bi Ummulkheir, asalaam aleikum, na shikamoo. Mimi ni msikilizaji wako wa siku nyingi hapa Bodo, na sijawahi kukuandikia kwa sababu mambo yangu yote nilikuwa nikiyamaliza jikoni na mume wangu, lakini mume wangu Kibwana sasa hayupo, na hili la leo limenizidi, kwa hivyo naomba unishike mkono.

Nikujulishe nyumba yangu kwanza. Jina langu ni Biasha. Marehemu alikuwa fundi wa makuti, na hoteli nyingi za Diani zenye paa la makuti alipata kupanda juu yake, kuezua lililochakaa na kuezeka jipya, na jioni akirudi nyumbani hakuwa akipiga hodi, alikuwa akikohoa kidogo mlangoni ili nijue nianze kupakua. Mungu alitujaalia mtoto mmoja tu, Salwa, ambaye sasa ni mwalimu wa chekechea, mwanamke mzima, lakini babake hakuacha kumchambulia miiba ya samaki hata mbele ya wageni, na Salwa akilalamika kwamba yeye ni mwalimu wa watu, babake alikuwa akimwambia, "Basi mwalimu, lete sahani," akamwekea minofu.

Kibwana aliugua ini, akawa anatapika damu, tukampeleka hospitali. Kule wodini neno la kila asubuhi lilikuwa moja, kwamba damu yake imeshuka, na kila ikishuka tulitafuta mtu wa kumtolea, shemeji yangu Ishak akatoa, mafundi wenzake wakatoa, na siku moja Salwa akasema na yeye atoe. Wakamchukua damu ya kupima kwanza, tukangoja, mtu wa maabara akarudi akasema wanaomba kumpima tena, kisha daktari akamwita, akamshika tumbo upande wa kushoto, akamuuliza uvimbe huu una muda gani. Uvimbe ule mimi nilikuwa nikiujua, nilidhani ni bandama imevimba kwa malaria kama watoto wengi wa huku. Tukaambiwa hawezi kumtolea mtu damu, chembe zake nyeupe ni nyingi mno, karibu mara ishirini ya zinavyotakiwa, na lazima apimwe zaidi.

Marehemu hatukumwambia hayo. Tulimwambia tu kwamba Salwa ni mwembamba, wamemkataa. Alicheka kwa shida akamwambia, "Damu yako kaa nayo, mwanangu. Wewe bado una kazi nayo." Baada ya hapo hakukaa sana. Daktari alikuja akasema dawa zisimamishwe, hakuna haja ya kumchoma tena, tumpeleke nyumbani akawe na watu wake, na tulipofika nyumbani aliuliza nani amefungua dirisha, nikamwambia ni mimi, akasema vizuri, na kesho yake akafariki. Mungu amrehemu.

Nikaingia edani. Wewe ni mtu wa pwani, unajua mambo yalivyo, sitoki, sijipambi, nakaa chumba cha ndani na wanawake wanakuja kunitazama, na hiyo ndiyo haki ya mwisho niliyobaki nayo ya kumfanyia mume wangu, nataka niifanye vizuri.

Nikiwa humo ndani majibu ya Salwa yakarudi. Ni saratani ya damu, ile inayokwenda polepole, na daktari wa kliniki ya damu kule Mombasa akampa vidonge vya kumeza kila siku baada ya kula na maji mengi, akamwambia dawa hii haiunguzi mwili mzima kama ile tunayoisikia kwa watu, hii inalenga kitu kimoja tu ambacho kinazifanya chembe nyeupe zizaliane bila mpango. Hayo nilielezwa na Salwa na nilimwelewa. Anayempeleka ni shemeji Ishak, Mungu amlipe, anafunga duka lake, wanavuka feri, wanangoja mchana kutwa, ila yeye haingii kwa daktari, anasema mtoto wa kike anapimwa, anafunuliwa tumbo, haipendezi ami yake kusimama pale akitazama, kwa hivyo anakaa kwenye benchi nje. Heshima hiyo nimemshukuru sana.

Mwanzoni dawa ilifanya kazi ambayo hatukuitarajia. Chembe nyeupe zikateremka, bandama ikanywea mpaka nikawa naitafuta kwa kidole siioni, jasho la usiku likakatika, Salwa akala wali na akaomba ukoko. Wifi yangu Mwanafatuma, dadake marehemu, alipoambiwa majibu alipiga vigelegele palepale mlangoni, nikamkumbusha kwamba hii ni nyumba ya eda, akanijibu kwamba marehemu mwenyewe angevipiga kama angekuwa na sauti ya kike. Ndiyo siku ya kwanza kucheka tangu tumzike.

Lakini chembe zile hazikukoma kushuka. Kipimo kilichofuata zilikuwa chini ya zinavyotakiwa, na zile chembe za kugandisha damu nazo zikaanguka vibaya, fizi zake zikawa zinatoka damu akipiga mswaki, na miguuni akatoka vidoa vyekundu vidogo, utadhani ameumwa na viroboto. Alhamisi iliyopita alikwenda kliniki, akarudi, akavua viatu, akakaa kitandani kwangu akasema, "Mama, daktari amenisimamishia dawa." Nikamuuliza kasema nini zaidi. Akaniambia amesema mengine mengi lakini yeye baada ya neno hilo hakusikia kitu, alikuwa akimwona babake tu. Amepewa kurudi Jumatatu ijayo apimwe tena.

Bi Ummulkheir, mimi ni mwanamke wa darasa la nane, lakini katika nyumba hii nimeshaona damu ikishuka na dawa ikisimamishwa, na kilichofuata nilikiona.

Jioni ile ile shemeji na wifi walikuja. Wifi anasema dawa ilikula damu mbaya ikaimaliza, sasa imeanza kula nzuri, na vile vidoa vya miguuni ni mabaki ya damu mbaya yanatafuta mahali pa kutokea, kwa hivyo yasaidiwe kutoka. Kuna mzee wa Jego, tuna udugu naye kwa mbali, anaumika watu, anawachanja kidogo na kuwafyonza damu kwa pembe, na wengi wamepona migongo na vichwa, naye ameshakubali kuja Jumamosi hii, amuumike mgongoni na ubavuni pale penye bandama, halafu damu mpya ije. Na ili ije haraka wifi anamletea balungi za mti wake, anamkamulia glasi kila asubuhi. Hana ubaya, Bi Ummulkheir. Yule ni mtoto wa kaka yake, kaka pekee aliyekuwa akimpigia simu kila Ijumaa.

Shemeji yeye hakusema habari za pembe. Alisema, "Shemeji, mimi nimekwenda kule mara zote. Nimechoka kumwona mtoto akichomwa mkono ule ule. Daktari mwenyewe ameshindwa. Jumatatu tusiende." Alisema kwa upole na macho yake mekundu. Huyu ndiye aliyemwosha ndugu yake kwa mikono yake, na tangu matanga hatujalala njaa kwa sababu yake, je, mimi nitamwambia hapana kwa mdomo gani?

Walipoondoka Salwa akaniambia hivi, na ndiyo yanayonikosesha raha, "Mama, mimi nafuata radhi yako. Ukisema niumikwe, nitaumikwa. Ukisema nirudi kliniki, nitarudi. Lakini useme wewe, wasiseme wao." Mpaka leo sijasema. Vidonge vilivyobaki nimevifunga ndani ya kofia ya marehemu, ile ya vito, ya kushonwa kwa mkono, aliyokuwa akiivaa Ijumaa, nimeiweka chini ya mto, kwa sababu wifi alitaka kuvitupa, na kwa sababu ya pili ambayo naona haya kuiandika, kuna asubuhi namtazama mtoto anavyosukutua damu na natamani nimpe kimoja kimyakimya kwenye uji, huenda daktari alikosea kusimamisha.

Basi niambie. Kama dawa ni nzuri kwa nini inamaliza damu? Kama ni mbaya kwa nini ilimponya kwanza? Na kama daktari amesimamisha, tunarudi kwake kufanya nini?

Nakuomba uisome hewani na majina yetu. Salwa ameisoma barua hii, amenisahihisha mahali pawili, na amekubali, amesema kufichana ndiko kulikomchosha zaidi ya ugonjwa. Wifi na shemeji wote wawili wanakusikiliza Ijumaa, wewe ukisema watakusikia, na mimi nitakuwa sijamvunjia mtu adabu. Redio ya marehemu iko dirishani. Nitakuwa hapo.

Biasha, Bodo.

*

Bi Biasha, aleikum salaam, na marahaba. Pole kwa Kibwana. Mume anayekohoa mlangoni ili mkewe apakue, huyo lazima aliliwe, na eda yako Mungu akupokelee.

Barua yako ilinifikia jana adhuhuri. Wenye barua za ndoa na mipaka ya mashamba mtaniwia radhi, mlikuwa mbele yake na leo nimewaruka, kwa sababu Jumamosi ni kesho.

Kwa hivyo naanza na kesho. Mzee wa Jego asije. Bwana Ishak, kama uko karibu na redio, mpigie sasa hivi, mshukuru, mwambie abaki kwake na udugu uko palepale. Mimi mwenyewe nimeumikwa mgongo na sina ugomvi na pembe. Lakini anayeumikwa hukatwa ngozi, na tunaona ni jambo dogo kwa sababu damu ya mtu mwenye afya hukoma yenyewe. Ya Salwa kwa sasa haina cha kuikomesha. Mtoto ambaye mswaki tu unamtoa damu, nyinyi mnataka kumchanja mgongo? Na ubavuni juu ya bandama? Vidoa vile vya miguuni ni damu yake njema inavuja chini ya ngozi kwa kukosa zile chembe za kugandisha, haina ubaya wowote na haitafuti pa kutokea. Kibwana alikuwa na haja ya damu kuliko mtu yeyote wodini, na bado alimwambia binti yake akae na yake. Wasia mmekwisha kuusikia. Damu hiyo msimmwagie.

Sasa tuje kwa maswali yako, ambayo ni ya mtu mwenye akili, na hilo la darasa la nane usinitajie tena.

Nilimpigia Daktari Kenga, anayetibu maradhi ya damu, nikamsomea barua yako neno kwa neno. Hajamwona Salwa wala hana vipimo vyake, na alinionya nisimfanye daktari wake. Lakini aliponieleza mambo yanavyokwenda kwa watu wanaoanza dawa hii, nikaona kwamba wewe unaweza kuyaelewa kuliko mimi, kwa sababu uliolewa na fundi wa makuti.

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Kwa muda ambao Salwa alikuwa akiumwa bila kujua, zile chembe mbovu zilijaa mle ndani zikawasonga wenyeji, yaani chembe njema, hata karibu damu yote aliyokuwa nayo ikawa inatoka kwa hao wabovu. Dawa ikaja ikaanza kuwatoa. Hiyo ndiyo furaha ya mwanzo, bandama kunywea, ukoko na vigelegele. Lakini wenyeji walikuwa wamebaki wachache, wamedhoofika, na hawawezi kuzaliana kwa siku moja. Wabovu wametoka, wazima hawajajaa. Katikati hapo damu hupungua, nyeupe, za kugandisha, wakati mwingine na nyekundu. Mume wako alipopanda hotelini akaezua makuti yaliyooza, si kuna siku nyumba ilikuwa wazi na mbingu inaonekana? Mgeni aliyepita siku hiyo angeapa kwamba fundi anaibomoa.

Na mvua ikimkuta hajaezeka, alifanyaje? Alishuka akangoja. Ngazi aliiacha ukutani. Daktari wa Salwa ameona chembe zimeshuka kuliko inavyofaa, ameshuka angoje wenyeji wapumue. Daktari Kenga anasema hili huwapata watu si haba katika miezi ya mwanzo, wanapimwa mara kwa mara kwa sababu hiyo hasa, na wengi wao chembe zikipanda dawa hurudishwa, ama kwa kiasi kile kile au kwa kidogo zaidi. Wapo wachache ambao hawawezani nayo wakabadilishiwa nyingine, na mimi sitakudanganya kwamba najua Salwa yuko upande gani. Atakayejua ni yule atakayempima Jumatatu.

Wewe unampima Salwa kwa maradhi ya babake. Nakuelewa, ningefanya hivyo hivyo. Lakini damu ya Kibwana ilikuwa ikimwagika nje, na dawa zake zilisimamishwa kwa sababu zilikuwa hazimfai tena kitu. Siku mlipomtoa wodini, mlipewa tarehe ya kumrudisha akapimwe? Hamkupewa. Salwa amepewa. Daktari aliyekata tamaa hampi mtu Jumatatu.

Sasa nikugombeze, na usiondoke dirishani.

Katika barua yako yote, ukimtoa Salwa, hakuna hata mmoja wenu aliyemsikia daktari kwa masikio yake. Wewe umo ndani kwa ajili ya eda. Bwana Ishak yuko kwenye benchi kwa ajili ya heshima. Mwanafatuma yuko kwenye mti wa balungi. Aliye mbele ya daktari ni mtoto aliyefiwa juzi, peke yake, amesikia neno moja lililomrudisha kwenye kitanda cha babake na mengine yakampita. Halafu jioni mnakaa kikao, mnaamua maisha yake juu ya neno hilo moja. Mmemstahi Salwa mpaka mmemwacha peke yake. Heshima yenu haina kosa, ila mmeiweka mahali pabaya, maana pazia la chumba cha daktari lipo, ami anaweza kuitwa ndani pazia likishafungwa, akakaa kwenye kiti akasikiliza. Wewe hukulifikiria hilo kwa sababu ulikuwa unashukuru. Shukuru, lakini uliza.

Kuhusu eda, mimi si mwanachuoni, nilimuuliza maalim mmoja ninayemwamini. Aliniambia mwenye eda akiwa na haja ya kweli, na ugonjwa wa mtoto ni haja ya kweli, hutoka mchana akaenda kwa stara, akarudi kulala nyumbani kwake. Usinichukulie mimi hukumu. Leo ni Ijumaa, Bwana Ishak ataswali msikitini kwenu, baada ya sala amuulize imamu wenu mwenyewe, akuletee jibu kabla ya alasiri. Nadhani nalijua jibu. Jumatatu utavaa buibui lako, mtavuka feri watatu, Bwana Ishak atakaa kwenye benchi lake kama anapenda, na wewe utaingia ndani na mwanao.

Ukishaingia usione haya. Mwambie daktari akueleze wewe, kwa Kiswahili cha kawaida, kila chembe iko wapi leo na anataka ifike wapi ndipo aanzishe dawa. Muulize ataanza na kiasi gani. Muulize mkikwama mumpigie nani, na namba hiyo uiandike kwenye simu mbili. Akisema jambo hukulielewa, mwambie hujaelewa. Akikasirika, muulize tena.

Vidonge vitoe kwenye kofia. Kofia ya Ijumaa ina heshima yake, na jasho la mto litaviharibu. Viweke mahali pakavu, nenda navyo kliniki. Kimoja kimyakimya kwenye uji, Bi Biasha, nimelisoma hilo mara mbili nikaomba Mungu usiwe umelifanya. Kumwezulia mtu wakati mvua inanyesha, Kibwana angekucheka. Na chembe zikipanda, siku daktari atakaposema aanze tena, aanze siku hiyo hiyo, asiruke, asipunguze, asiache kwa sababu amejiona mzima. Hapo ndipo wengi hupotea. Wanapona, wanaona wamepona, wanaacha, na wale wabovu wanarudi wakiwa wakali zaidi. Aliyesimamisha ni daktari, atakayeanzisha ni daktari. Mimi, wewe na redio hii hatumo.

Dada Mwanafatuma, salaam. Balungi zako nasikia ni tamu na sina shaka, lakini balungi huingiliana na dawa hii, huifanya ijikusanye mwilini kuliko ilivyopimwa. Kula wewe na majirani. Mtoto mletee mchicha, mayai, kunde, samaki, chakula cha nyumbani kilichopikwa kikaiva, na majani ya kuchemsha ya mtu yeyote yasubiri mpaka daktari aulizwe. Vigelegele vyako usivitupe, viweke tu vizuri.

Kuanzia leo mpaka Jumatatu mtoto atumie mswaki laini wa dukani, ule wa mti aupumzishe. Asimeze dawa ya maumivu ya kununua bila kuuliza. Chekechea apumzike, watoto wadogo hawakosi mafua, na kwa sasa hana askari wa kutosha wa kupambana nayo. Nyumba ya eda haiishi wageni, najua, lakini mwenye kikohozi akupe pole akiwa uani, na anayeudhika aje anigombeze mimi. Salwa akipata homa, hata ndogo, au damu ya pua ikikataa kukoma, au choo kikiwa cheusi, au kichwa kikimuuma kwa namna asiyoijua, hamngoji Jumatatu wala asubuhi. Mnakwenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, na mkifika mlangoni mnasema kwamba yuko kwenye dawa ya saratani ya damu na chembe zake zimeshuka. Semeni mara ya kwanza, msingoje kuulizwa.

Bwana Ishak, neno langu kwako ni fupi. Umemwosha ndugu yako, umewalisha watu wake, umeuona mkono wa yule mtoto ukichomwa mara nyingi mpaka wewe ndiye unayeumia. Una haki ya kuchoka. Chokea njiani, chokea kwenye feri, lakini Jumatatu uvuke. Shemeji yako hakukuvunjia adabu kuniandikia. Amekuogopa kwa sababu anakupenda, na huo ni mzigo mwingine ungemtua.

Nimebaki na wewe, Bi Biasha. Salwa alikuomba neno, na mimi siwezi kulisema badala yako hata nikipaza sauti namna gani kwenye redio hii. Yuko hapo karibu, sivyo? Nikimaliza, punguza sauti ya redio, mweke mkono kichwani, mwambie arudi kliniki na kwamba unakwenda naye. Maneno hayo tu. Radhi haihitaji hotuba.

Kisha mchana ukimpakulia, mchambulie miiba ya samaki. Fizi zake kwa sasa si za kuchomwa, na kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Mpaka Jumatatu ni yako, na baada ya Jumatatu pia.